Musi wa Maine: uliza mwezi kabla ya kuuliza mahali

Swali: Msomaji anayeishi Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, anaandika: "Mimi ni mtu wa Uvira, huu ni mwaka wangu wa tatu hapa. Barabarani kuna vibao vingi vya kuonya kuhusu musi (moose, yule kulungu mkubwa wa huku), lakini sijawahi kumwona hata mmoja. Nina kamera yenye lenzi ya milimita 70 hadi 300. Siku yangu ya mapumziko ni Jumapili, na kwa mwaka napata likizo ya wiki moja. Niende wapi nimpige picha akiwa porini? Na hii lenzi yangu, inatosha?"

Jibu:

Ndugu yangu, Maine ndilo jimbo lenye musi wengi kuliko yote ya Marekani ukiiacha Alaska, kwa hiyo hujakosea makao. Ila Lewiston iko kusini, kwenye miji na mashamba, na musi wamejaa kule juu, misitu ya kaskazini na magharibi inayoelekea mpaka wa Kanada. Hilo ni suala la petroli na saa mbili tatu za barabara. Gumu zaidi ni jingine, nalo ndilo linalowarudisha watu wengi mikono mitupu: wanauliza mahali, hawaulizi mwezi. Bwawa ambalo mwishoni mwa Juni lina musi asubuhi na jioni, Oktoba unaweza kukaa kando yake kutwa usione hata unyayo mpya. Mnyama huyu anafuata chakula, chumvi na ubaridi, na kwa majuma machache ya mwaka dume anafuata jike. Ukijua mwezi huu anatafuta nini, ramani yenyewe itakuonyesha pa kwenda.

Kwa wasomaji wasiomjua, musi ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii ya kulungu. Dume wa Maine aliyekomaa anafika kilo 400 na zaidi, wa Alaska anaweza kupita 600, na begani anakaribia mita mbili. Uzito huo ni wa kulinganishwa na pofu dume, ila miguu ya musi ni mirefu mno. Dume ana pembe pana, bapa, zinazoanguka kila majira ya baridi na kuota upya kuanzia Aprili. Haendi kwa makundi. Ukizoea picha za nyumbu wa Serengeti, badilisha matarajio: huku unamtafuta mmoja, au mama na ndama wake, ndani ya msitu uliofunga.

Tuanze na Mei na mwanzo wa Juni, kwa sababu huo ndio wakati rahisi kuliko wote kwa mtu mwenye gari na siku moja ya mapumziko. Majira yote ya baridi musi ameishi kwa vijiti na magome, chakula kisicho na sodiamu ya kutosha. Wakati huohuo mafundi wa barabara wamekuwa wakimwaga chumvi kuyeyusha barafu. Theluji ikiyeyuka, chumvi hiyo hukusanyika kwenye mitaro na vidimbwi vya kando ya barabara, na musi wanakuja kunywa yale maji ya tope. Kutoka kwako, barabara namba 4 inakupeleka moja kwa moja hadi Rangeley, kama saa mbili. Hapo shika namba 16 kuelekea Stratton. Hicho kipande kinajulikana kwa musi kwa miaka mingi. Kingine ni barabara namba 201 kati ya The Forks na Jackman. Na cha tatu ni njia ya kutoka Greenville, kwenye Ziwa Moosehead, kupanda Kokadjo. Mbele kidogo ya Kokadjo kuna kinamasi kiitwacho Lazy Tom Bog ambacho wapiga picha wamekizoea.

Pita polepole mchana kwanza, bila kamera mkononi, ukitafuta mitaro yenye tope jeusi lililokanyagwa. Unyayo wa musi ni kwato mbili ndefu zenye ncha, na wa dume mkubwa unazidi urefu wa kiganja bila vidole. Kama kingo za unyayo bado ni kali na maji ndani yake ni machafu, kapita muda si mrefu. Weka alama kwenye simu sehemu tatu au nne za namna hiyo, halafu rudi alfajiri au saa moja kabla ya jua kuzama. Egesha gari nje kabisa ya lami na ubaki ndani. Mnyama ameyazoea magari, lakini mtu anayeshuka na kubamiza mlango ni kitu kingine. Shusha kioo, laza lenzi juu ya mfuko mdogo wa mchele au maharage uliouweka dirishani, zima injini ili picha isitikisike.

Nikuonye kuhusu picha zenyewe za Mei: manyoya yananyonyoka, dume ana vijipembe tu vinavyoanza, na nyuma yake kuna lami na nguzo. Ni majira ya kumjua mnyama, na ya ndama wekundu waliozaliwa kati ya Mei na mwanzo wa Juni. Utakutana pia na musi waliokonda, mabaka meupe mwilini mwote. Hao wameshambuliwa na kupe wa majira ya baridi. Musi mmoja anaweza kubeba makumi ya maelfu ya kupe, na manyoya yanakatika kwa kujikuna na kujisugua. Katika sehemu za kaskazini mwa Maine na New Hampshire, watafiti wanaowavisha ndama kola za redio wameona baadhi ya miaka zaidi ya nusu yao wakifa kabla hawajafikisha mwaka. Baridi fupi na theluji inayochelewa huwapa kupe nafasi zaidi ya kupanda mwilini. Mnyama wa namna hiyo akiwa mbele yako, piga picha zako mbili tatu kutoka garini na uondoke. Kila hatua unayomlazimisha akimbie inatumia nguvu ambayo hana.

Sasa likizo yako ya wiki moja. Kama mwajiri wako anakuachia uchague, iombe kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Julai, na nenda kwenye mabwawa. Hapa ndipo picha nzuri zinapopatikana. Mimea ya majini ina sodiamu nyingi kuliko majani ya nchi kavu, na musi wanaingia hadi tumboni, wanazamisha kichwa kizima, wanakitoa maji yakiwatiririka na majani yakining'inia mdomoni. Pia wanakimbia joto. Mwili huu umeumbwa kwa baridi. Kiangazi, nyuzi 14 za selsiasi tu zinaanza kumchosha. Ndiyo maana siku ya jua kali saa sita mchana unapoteza muda, na siku ya mawingu na manyunyu, ambayo watu wengi wanabaki hotelini, ndiyo ya kwenda. Mwanga wa mawingu unamfaa pia: manyoya yake ni ya giza, na jua kali linakupa doa jeusi lisilo na macho.

Bwawa maarufu kuliko yote ni Sandy Stream Pond, ndani ya Baxter State Park, chini ya Mlima Katahdin. Hifadhi hiyo ni zawadi ya Percival Baxter, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo. Alinunua ardhi kwa fedha zake na kuikabidhi kipande kwa kipande kati ya 1931 na 1962 kwa sharti kwamba ibaki pori. Sharti hilo linaheshimiwa mpaka leo: hakuna lami, hakuna umeme, hakuna duka, na mbwa haruhusiwi. Unapitia mji wa Millinocket, unaingia geti la Togue Pond, unafuata barabara ya changarawe hadi kambi ya Roaring Brook, kisha unatembea chini ya kilomita moja kwenye njia tambarare. Magari yenye namba za Maine hayalipi kiingilio, ila nafasi ya kuegesha Roaring Brook ni chache na inafaa kuiweka mapema. Ushauri wangu ni ulale ndani, kambini. Mwishoni mwa Juni jua la huko linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na anayelala mjini akasubiri foleni ya geti anafika bwawani mwanga mzuri umeshapita. Upande wa magharibi wa hifadhi, Kidney Pond na Daicey Pond nazo ni nzuri, tena zina mitumbwi ya kukodi.

Hata hivyo, usijifunge na jina moja. Kwenye Sandy Stream, asubuhi ya Julai, utakuta watu kumi wamejipanga juu ya mawe wakinong'ona, na picha zenu zitafanana. Ningefurahi zaidi kukuona umepata bwawa lako mwenyewe, na inawezekana kabisa. Fungua ramani ya setilaiti nyumbani. Tafuta bwawa dogo, lenye kina kifupi, ambalo rangi ya maji karibu na ukingo ni ya kijani au kahawia badala ya bluu nzito. Huko ndiko mimea inakoota. Tafuta tena, ndani ya kilomita moja au mbili, mabaka ya msitu yenye rangi ya kijani hafifu. Hayo ni maeneo yaliyokatwa magogo, na miti michanga inayoota humo ndiyo chakula chake kikuu. Maine ilikuwa na musi wachache sana mwanzoni mwa karne ya 20. Uwindaji ulipopigwa marufuku idadi ikaanza kupanda, na kisha miaka ya 1970 na 1980 viwavi waharibifu waliivamia misonobari, kampuni zikakata maeneo makubwa, na machipukizi yaliyofuata yakalisha musi wengi mno. Kwa hiyo usidharau eneo lililokatwa miaka kumi iliyopita. Halipendezi machoni, lakini limewekwa mezani kwa ajili yake.

Ukifika, zunguka ukingo. Je, kuna njia iliyochimbika ya kuingilia majini? Mashina ya mayungiyungi yamekatwa na kuelea? Maji sehemu moja yamevurugika tope ilhali pengine ni safi? Kinyesi chake ni vidonge vikubwa kama kokwa za zambarau, ila kiangazi, kwa kula majani mabichi, kinakuwa laini. Ukiona dalili mbili kati ya hizi, kaa hapo. Chagua upande ambao upepo unatoka kwake kuja kwako, kwa sababu macho yake ni dhaifu lakini pua na masikio ni ya ajabu. Kisha subiri asubuhi mbili au tatu mfululizo mahali palepale. Wengi wanashindwa hapa: saa moja ikipita kimya wanawasha gari kwenda bwawa jingine, na kutwa yao inaishia barabarani.

Barabara za magogo zinastahili tahadhari yake. Golden Road, inayotoka Millinocket kwenda mpaka wa Quebec, ni mali binafsi. Umma unaruhusiwa kupita, lakini lori la magogo ndilo lenye haki ya njia, na linakuja kwa kasi katikati ya barabara. Likitokea, jisogeze pembeni na usimame. Simu haishiki sehemu kubwa ya huko, kwa hiyo pakua ramani kabla, jaza tanki, beba tairi la akiba lenye upepo, na mwambie mtu nyumbani unakwenda upande gani. Juni beba wavu wa kichwa. Usubi na mbu wa Maine wakati huo hawana huruma, na mtu anayejipiga makofi shingoni hawezi kutulia kwa ajili ya picha.

Majira ya tatu ni katikati ya Septemba hadi mwanzo wa Oktoba, ya kupandana. Pembe zimekomaa, ile ngozi laini iliyozifunika imeshachubuka, manyoya yanang'aa, majani ya miti ni mekundu na ya manjano, na asubuhi za baridi ukungu unapanda juu ya maji. Picha uliyoiona kwenye kalenda karibu hakika ilipigwa majuma hayo. Lakini dume sasa hakai bwawani kula. Anatembea, hali karibu chochote, anatafuta jike, na unampata kwa masikio zaidi kuliko macho: jike anatoa mlio mrefu wa kuomboleza, dume anajibu kwa mguno mfupi unaorudiwarudiwa, na unasikia pembe zikikwaruza vichaka. Keti mahali penye mtazamo mpana, ukingo wa kinamasi au eneo lililokatwa, kuanzia giza la alfajiri. Kuna wanaomwita kwa kuigiza sauti ya jike. Mimi nasema usifanye. Unamleta mnyama wa kilo 400 aliyejiandaa kupigana, hadi mbele ya mtu asiye na pa kukimbilia, na unampotezea nguvu anazozihitaji kabla ya baridi.

Kipindi hichohicho wawindaji wenye vibali vya bahati nasibu ya jimbo wanaingia msituni, kwa awamu kuanzia mwishoni mwa Septemba. Angalia tarehe za mwaka husika na vaa kizibao na kofia ya rangi ya machungwa inayowaka, hata kama huna nia ya kutoka mbali na gari. Hapa Jumapili yako ni neema: sheria ya Maine hairuhusu kuwinda siku hiyo. Pori linakuwa tulivu, nawe unakuwa salama zaidi.

Baridi yenyewe, kuanzia Desemba, sikushauri kwa sasa. Pembe zinaanguka, musi wanajibana kwenye misonobari minene, na barabara nyingi za msituni hazipitiki bila chombo cha theluji.

Wasomaji wengine walioko mbali na Maine, kanuni ni ileile. Walioko Ontario, nendeni Algonquin, barabara namba 60, Mei na mwanzo wa Juni, kwa sababu ya chumvi ileile. Walioko Colorado wana bahati ya musi walioletwa kuanzia 1978 bonde la North Park. Mji wa Walden na State Forest State Park ndio mlango. Grand Teton, Wyoming, ni ya vuli, kwenye mierebi ya Mto Gros Ventre. Na Anchorage, Alaska, madume wakubwa hukusanyika Septemba kwenye bonde la Powerline Pass, juu kidogo ya mji.

Kuhusu hatari nitasema kwa uzito. Hifadhi za taifa za Marekani, kama hiyo ya Grand Teton, zinataka ukae angalau mita 23 kutoka kwa musi. Mimi nakuomba uzidishe mara mbili, na mama mwenye ndama mwongezee tena. Masikio yakilala nyuma, nywele za nundu ya bega zikisimama, akilamba midomo huku anakutazama, umeshachelewa kuondoka. Rudi nyuma bila kumpa mgongo mpaka upate mti. Akikujia, kimbia, zunguka mti mnene na ukae nyuma yake. Dubu hakimbiwi, musi hukimbiwa, kwa sababu anachotaka ni uondoke tu. Kwenye mtumbwi, musi anayeogelea usimkatie njia wala usimfuate. Anachoka, na ndama anaweza kuzama.

Na barabarani usiku ndipo musi anapoua watu. Ni mweusi kwenye giza, macho yake yako juu ya mwanga wa taa zako hivyo hayang'ai kama ya kulungu wa kawaida, na gari dogo likimgonga miguu, mwili mzima unaangukia kioo cha mbele. Ukirudi Lewiston jioni baada ya jua kuzama, punguza mwendo kuliko kibao kinavyoruhusu, na ukiona mmoja amevuka, subiri wa pili.

Tumalizie lenzi. Inatosha. Kwa umbali wa mita 50, milimita 300 kwenye kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga) inaona upana wa mita sita hivi. Musi ana urefu wa karibu mita tatu, kwa hiyo anajaza nusu ya picha, na nusu inayobaki ni bwawa, ukungu na mlima, vitu vinavyoeleza alikokuwa. Kamera yako ikiwa ya sensa ndogo, anajaza zaidi. Kinachokosekana kwenye lenzi za aina hiyo ni mwanga. Usiogope kupandisha ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 au 6400. Punje kwenye picha ni afadhali kuliko macho yaliyofifia kwa kutikisika. Akiwa ametulia, kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde inatosha ukiwa na kitu cha kuegemea, akitembea 1/500, ukitaka matone ya maji yaonekane moja moja, 1/1000. Lenga jicho. Akijaza fremu, kamera inadanganywa na weusi wake na kuongeza mwanga kupita kiasi, basi punguza kwa 0.7 kwenye kirekebisho cha mwanga cha kamera (exposure compensation). Akiwa mdogo katikati ya maji yanayong'aa, fanya kinyume, la sivyo utapata kivuli. Piga kutoka chini, karibu na usawa wa maji, na subiri kichwa kitoke majini kabla ya kubonyeza.

Ukitamani ya milimita 600, ikodishe kwa ile wiki ya likizo tu. Pesa iliyobaki ilipie kambi ya Roaring Brook kwa usiku mitatu, na siku za kukodi mtumbwi hakikisha umevaa jaketi la kuokolea. Maji ya kule ni baridi hata Julai.